Tumbo la mzee: lisha kwanza, kufunga baadaye

Video fupi za kwenye simu zimefikisha mambo mawili mpaka vijiweni Mtwara na Lindi: probayotiki, yaani bakteria hai wenye faida tumboni, na kufunga kwa saa. Anayezungumza kwenye video mara nyingi ni kijana wa miaka 35 anayetaka kupunguza kitambi. Anayesikiliza ni mama wa miaka 68 wa Mikindani, hana kitambi, ana presha, choo anapata mara mbili kwa wiki, na usiku chakula chake ni muhogo na chai. Ushauri uleule ukimfikia huyu wa pili unaweza kummaliza nguvu za miguu kabla haujamsaidia tumbo.

Mwongozo huu ni wa waliovuka miaka 60 na wa watoto wao wanaowapikia. Unaanza na maji na nyuzinyuzi, unaingia kwenye vyakula vilivyochachuka, kisha protini, ndipo unagusa saa za kula. Vidonge vya probayotiki nimeviweka mwisho kabisa, kwa sababu wengi hawatavihitaji.

Umri ukienda, utumbo mpana husukuma taratibu zaidi. Kiu hupungua hata pale mwili unapohitaji maji. Meno yakipungua, mtu huacha mboga ngumu na kubaki na vitu laini: mkate, uji mweupe, chai. Dawa nazo huongezeka, na baadhi huleta choo kigumu: vidonge vya madini ya chuma, kodeini, dawa kadhaa za presha. Katika bakteria wanaoishi tumboni, kundi la bifidobakteria hupungua. Bakteria wazuri hula nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, na katika kula huko hutoa asidi kama butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Ndiyo maana kumwaga bakteria wapya kwenye tumbo lisilo na nyuzinyuzi ni kupoteza pesa: watafika na kukosa cha kula.

Imani kwamba maziwa yaliyochachuka hurefusha maisha ilienezwa na Élie Metchnikoff, mwanasayansi aliyefanya kazi Taasisi ya Pasteur, Paris, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliamini mtindi ndio unaowapa wakulima wa Bulgaria umri mrefu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, lakini kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili. Suala la mtindi na umri hakulithibitisha. Upande wa kufunga, jina linalotajwa sana ni Yoshinori Ohsumi wa Japani, aliyepata Nobel mwaka 2016 kwa kuonyesha jinsi seli zinavyomeng'enya vipande vyake vilivyochakaa, jambo ambalo seli hulifanya zaidi zikikosa chakula. Kazi hiyo ya msingi aliifanya kwenye hamira. Ni sayansi ya kweli, ila haimwambii mzee wa Masasi afunge masaa mangapi, na anayekuuzia kopo kwa jina la Ohsumi anajua hivyo.

Hatua ya 1: Peleka mfuko wa dawa hospitalini

Kusanya dawa zote anazomeza mzee, za hospitali, za dukani na za mitishamba, uzitie kwenye mfuko mmoja na kwenda nazo kwenye dirisha la wazee. Iwe Ligula, Sokoine pale Lindi, Ndanda, Nyangao au kituo cha afya cha jirani, swali ni hilohilo: "Kati ya hizi, ipi haitaki tumbo tupu?"

Anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kisukari vya glibenklamaidi, glimepiraidi au gliklazaidi asibadilishe saa za kula kabla daktari hajabadilisha dozi. Dawa hizo hushusha sukari hata kama mtu hajala, na sukari ya mzee ikishuka usiku anaweza kuanguka akiwa njiani kwenda chooni. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, ikiwa peke yake haina hatari kubwa ya namna hiyo, ila humezwa pamoja na chakula. Waulize pia kuhusu vitamini B12 kama mzee ametumia metformini au omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi tumboni) kwa miaka, maana zote mbili huipunguza mwilini, na ganzi ya miguu inayosingiziwa uzee wakati mwingine ni hiyo. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wazee wetu huzimeza kama pipi kwa ajili ya magoti, zisimezwe kamwe wakati wa kufunga.

Wasifunge kabisa: aliyekonda tayari, anayepungua uzito bila sababu, mwenye vidonda vya tumbo vinavyosumbua, aliye kwenye dozi ya kifua kikuu, mwenye ugonjwa wa figo ambaye daktari hajamruhusu, na aliyeanza kusahau kiasi cha kutokumbuka kama amekula. Hawa waishie hatua ya 4. Hawatakosa kitu kikubwa.

Damu kwenye choo, choo cheusi kwa mtu asiyemeza madini ya chuma, chakula kukwama kooni, au choo kubadilika ghafla kwa wiki kadhaa bila maelezo: hayo yanahitaji vipimo, na mtindi usubiri.

Hatua ya 2: Maji na nyuzinyuzi

Weka chupa ya maji ya lita moja na nusu mahali mzee anapoiona, ajaziwe kila asubuhi. Asisubiri kiu. Mwenye moyo au figo zilizochoka aulize kwanza kiasi chake.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kwa Kusini hili si gumu, kwa sababu tumejaliwa mbaazi. Kikombe cha mbaazi zilizopikwa kina kama gramu 11, karibu nusu ya kiasi cha siku nzima, na mbaazi za nazi asubuhi tulikuwa tunakula kabla ya video yoyote. Kilichoharibu mlo huo ni chapati tatu na maandazi yanayoongozana nao. Bakuli la mbaazi, chapati moja, kipande cha papai: hapo tumbo limeanza siku vizuri.

Kunde, choroko na njugu mawe zina kazi ileile. Ugali wa dona au mtama ni bora kuliko sembe. Ugali wa muhogo hushibisha, lakini protini karibu haina na nyuzinyuzi zake ni kidogo, kwa hiyo usisimame peke yake. Upambe na kisamvu, matembele au mlenda. Kwa asiye na meno, mlenda ni rafiki. Ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi ya porini inayouzwa barabarani wakati wa kiangazi, itafune taratibu, ndiyo vitafunio vya mchana badala ya biskuti. Ubuyu ule mweupe wenyewe, usiopakwa rangi na sukari, karibu nusu yake ni nyuzinyuzi. Kijiko kimoja au viwili kwenye uji uliopoa vinatosha.

Ongeza polepole. Mzee aliyezoea chai na mkate akipewa bakuli kubwa la kunde siku ya kwanza, tumbo litajaa gesi, na kesho hatataka kusikia habari zako. Anza na robo ya bakuli, ongeza kila baada ya siku nne tano. Loweka mbaazi na kunde usiku kucha na umwage yale maji.

Kuhusu kiporo: muhogo, ugali na wali vikipoa, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa wanga sugu, ambao hufika utumbo mpana ukawa chakula cha bakteria. Kwa hiyo muhogo wa mchana ulioliwa baridi jioni una faida yake. Ila kiporo cha wali kilicholala mezani kwa joto letu ni hatari: kuna bakteria anayeota humo na kuacha sumu ambayo haiishi hata ukikipasha moto. Nyumba isiyo na friji, wali usilale.

Kaa kwenye hatua hii wiki tatu au nne. Kwa wazee wengi, tatizo la choo huishia hapa.

Hatua ya 3: Mtindi na togwa

Kinachotakiwa ni chakula kilichochachuka ambacho bakteria wake bado wako hai kinapofika mdomoni. Kwa kipimo hicho, vingi tunavyodhani vinafaa havifai. Muhogo uliovundikwa umechacha, na kuvundika ni kazi muhimu kwa muhogo mchungu kwa kuwa hupunguza sumu yake ya sayanaidi, lakini ukishasongwa ugali bakteria wote wamekufa. Mkate vivyo hivyo. Achari ya embe iliyotiwa siki imekolea uchachu wa siki, haikuchachuka. Maziwa ya kuchacha ya dukani yanayokaa rafuni bila friji kwa miezi yamepashwa moto baada ya kuchacha, kwa hiyo ni chakula kizuri chenye bakteria wafu. Na kwa wale watakaouliza kuhusu uraka wa mabibo, wapo kila kikao: pombe ni pombe, na haipatani na dawa za presha wala za sukari.

Maziwa mabichi si rahisi kupatikana pwani yetu kama Bara. Maziwa ya unga yenye mafuta yake, yasiyo na sukari, hutoa mtindi mzuri tu. Koroga lita moja kwa maji yaliyochemka. Kama una maziwa mabichi ya ng'ombe au mbuzi, yachemshe mpaka yafure; wanaosema kuchemsha kunaua ladha hawajaugua homa ya Malta, inayoambukizwa kwa maziwa yasiyochemshwa. Yaache yapoe mpaka kidole safi kivumilie humo ukihesabu taratibu hadi 10 bila kuungua. Tia vijiko viwili vya mezani vya mtindi wa dukani unaouzwa kwenye friji, usio na sukari wala ladha ya matunda. Koroga kidogo, funika, zungushia kanga, usitikise. Kwa joto la Mtwara, yaliyofungwa saa 3 usiku yameganda alfajiri. Hamishia kwenye friji na umalize ndani ya siku nne au tano. Bila friji, tengeneza kiasi cha siku moja. Ukiona ukungu au rangi ya waridi, mwaga yote.

Wengi wa watu wazima wa Kiafrika hawamudu sukari ya maziwa mabichi, wanajaa gesi na kuharisha. Mtindi hauwasumbui sana kwa sababu bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo. Anza na nusu kikombe pamoja na chakula, panda hadi kikombe kimoja kwa siku. Usiuchanganye kwenye uji unaochemka.

Asiyepata maziwa kabisa ana togwa, na mimi binafsi naona togwa imedharauliwa bure. Miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na wenzao wa Sweden waliwachunguza watoto wadogo waliolishwa nafaka zilizochachuliwa kwa njia hii, wakakuta bakteria wa kuharisha wamepungua kwenye vinyesi vyao. Walikuwa watoto, siyo wazee, lakini uchachu unaozuia vimelea kwenye kibuyu haujali umri wa mnywaji.

Pika uji mzito wa mtama, ulezi au mahindi: vikombe viwili vya unga kwa lita tatu za maji, uive vizuri. Upoe hadi uvuguvugu. Tia nusu kikombe cha kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa, na kikombe cha togwa ya jana kama ipo. Utaona uji ukilegea wenyewe ndani ya nusu saa. Funika, acha mpaka kesho yake. Ikiwa na uchachu wa kueleweka, iko tayari. Ikianza kutoa povu na kuchoma ulimi, imeelekea kwenye pombe. Kimea kinaingia bila kupikwa, kwa hiyo usafi wake ndio usafi wa togwa yote. Chenye ukungu hata kidogo kitupwe, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kuchacha. Mwenye kisukari akumbuke kuwa kimea hugeuza wanga kuwa sukari: asizidishe nusu kikombe cha togwa, anywe na chakula, na apime.

Hatua ya 4: Protini na miguu

Hapa ndipo video za vijana zinapowaumiza wazee. Mtu aliyevuka miaka 60 hupoteza misuli hata bila kufunga. Wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, hivyo mama wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Hesabu ya siku moja: kikombe cha mbaazi 11, mayai mawili 12, kipande cha samaki cha gramu 150 kama 30, kikombe cha mtindi 8. Jumla 61. Konzi ya korosho huongeza kama gramu 5.

Jaribu kuvibana hivyo vyote ndani ya mlo mmoja kwa siku, kama wanavyoshauri wengine, uone kama mzee ataumaliza. Hawezi. Ndiyo sababu sitashauri mlo mmoja wala masaa 16 bila kula kwa umri huu, hata kwa mwenye afya nzuri.

Kila siku ainuke kitini na kukaa bila kushika kitu, mara tano, apumzike, arudie. Kipimo chake kiko humohumo: akitumia zaidi ya sekunde 15 kuinuka mara tano, misuli imeanza kudhoofu. Aongeze samaki na mazoezi, na suala la kufunga liahirishwe.

Hatua ya 5: Saa za kula

Tumbo likiwa tupu, utumbo mwembamba hufanya kazi ambayo haufanyi ukiwa na chakula. Kila baada ya dakika 90 hadi 120 hupita wimbi la misuli kutoka tumboni kwenda chini, kama ufagio, likisukuma mabaki ya chakula na bakteria waliokaa pasipo pao. Ukila kitu, hata andazi moja na chai ya sukari, wimbi hukatika. Mzee anayekula saa 3 usiku, akanywa chai saa 4, akaamka na kitu kidogo usiku wa manane, haupi ufagio nafasi. Faida ninayoitegemea zaidi ni hii, na haihitaji njaa ya kutesa.

Kwa hiyo usifute mlo wowote. Kisogeze chakula cha usiku. Wiki mbili za kwanza, mlo wa mwisho uishe saa 1 usiku na chai ya asubuhi iwe saa 1: masaa 12, ambayo mengi yake ni usingizi. Akizoea, mlo wa jioni uishe saa 12, kabla ya magharibi: masaa 13. Akitaka na akiwa mzima, asubuhi isogee hadi saa 2, masaa 14. Hapo ndipo mwisho. Milo ibaki mitatu: asubuhi, saa 7 mchana, na saa 11 na nusu jioni. Usiku anaruhusiwa maji, chai ya rangi isiyo na sukari, au maji ya tangawizi. Kuruka kifungua kinywa na kula sana usiku ni namna mbaya ya kufunga, kwa kuwa usiku mwili huimudu sukari vibaya zaidi kuliko asubuhi.

Ugumu wa kweli uko kwenye familia. Nyumba nyingi hula pamoja baada ya isha, na mzee aliyewekewa sahani yake peke yake saa 11 jioni atakula kidogo na kuona ametengwa. Ama nyumba nzima isogeze chakula, ama mjukuu mmoja ale naye mapema. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, watu wanarudi mashambani giza limeingia. Usianze utaratibu mpya wakati huo.

Ramadhani ni jambo jingine. Ni ibada, haina maji mchana, na chakula chake ni cha usiku. Mzee mgonjwa ana ruhusa ya dini ya kutofunga, na hilo azungumze na daktari wake na sheikh wake kabla mwezi haujaandama. Anayefunga asiongeze juu yake masaa ya kwenye mwongozo huu. Vivyo hivyo kwa anayefunga Jumatatu na Alhamisi, au Mkristo aliye kwenye Kwaresma.

Akipata kizunguzungu, jasho baridi, kutetemeka au kuchanganyikiwa, ale kitu chenye sukari papo hapo, afungue, na apelekwe hospitali kama haitulii.

Hatua ya 6: Andika

Daftari la shule linatosha. Uzito mara moja kwa mwezi, mzani uleule. Akipungua kilo tatu bila kukusudia kwenye kilo 60, hiyo ni asilimia 5: acha kufunga na umpeleke. Choo nacho kiandikwe bila haya. Hospitali hutumia chati ya aina 7 iliyotoka Bristol, Uingereza, mwaka 1997. Aina ya 1 ni vidonge vigumu kama vya mbuzi, ya 7 ni maji matupu, na inayotakiwa ni ya 3 au ya 4, laini yenye umbo.

Hatua ya 7: Vidonge, kama kuna sababu

Sababu inayoeleweka ni antibayotiki. Baadhi ya wazee huharisha wanapozimeza, na aina chache za probayotiki hupunguza hilo, mojawapo ikiwa hamira iitwayo Saccharomyces boulardii, ambayo dawa za kuua bakteria haziiui. Kwa kujaa gesi kwa kawaida, au "kusafisha tumbo", ushahidi ni hafifu. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani kilipitia tafiti na hakikupendekeza probayotiki kwa magonjwa mengi ya tumbo. Mwenye kinga iliyoshuka sana, anayepata tiba ya saratani, au aliyelazwa na mpira wa dawa kwenye mshipa mkubwa asimeze bila ruhusa, kwa sababu bakteria hai wanaweza kuingia kwenye damu yake.

Ukinunua, angalia jina kamili la aina ya bakteria, tarehe ya mwisho, na maelezo ya joto la kuhifadhi. Kopo lililokaa dukani bila kiyoyozi kwa joto la Desemba, wakati limeandikwa likae kwenye ubaridi, liache hapohapo. Kama probayotiki ni bakteria, zimezwe masaa mawili au zaidi mbali na antibayotiki, ziendelee mpaka dozi iishe na siku chache baadaye, kisha mzee arudi kwenye kikombe chake cha mtindi.